Huu sio mnazi, huu ni mkonge: mimi na mti wangu wenye matende

Wa kwanza niliuua kwa maji. Sio jua, sio wadudu, sio watoto wa jirani, ni mimi mwenyewe na ndoo yangu, asubuhi ndoo jioni ndoo, na nilikua najiona mtu wa maana kweli.

Ilikua 2010, ndo nimehamia kwenye kijumba changu Tanga, maeneo ya Kange, nyumba haijaisha, madirisha mawili yamezibwa na mabati, choo cha ndani bado, lakini mi akili yote iko kwenye bustani. Nikaenda Dar kwa semina ya walimu, siku ya kurudi nikapitia vile vitalu vya maua vya pembeni ya barabara, nikaona kitu kimekaa kwenye kiriba cheusi, chini kitunguu kikubwa cha rangi ya kijivu kina nyufa nyufa kama ngozi ya tembo, juu kishungi cha majani marefu membamba yameanguka kila upande kama mtu aliyetoka kuosha rasta zake. Nikamuuliza kaka wa pale, hiki nini? "Poniteli hiyo mama, mkia wa farasi. Ni jamii ya palm, ukiipanda kwako watu watauliza umeitoa wapi." Inatunzwaje? "Kama mnazi tu. Samadi na maji, samadi na maji."

Alitaka elfu 35, nikamlilia mpaka 25, nikaipakata kwenye basi toka Ubungo, majani yanamchokonoa abiria wa pembeni shingoni, kila dakika "samahani kaka, samahani". Nakumbuka tulipofika Hale nikawa naangalia mashamba ya mkonge dirishani, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na mimi mtoto wa mkata mkonge nimepakata kitu mapajani wala hakinikumbushi chochote. Hapo pananichekesha mpaka leo.

Nikachimba shimo kama la mgomba, futi mbili kwenda chini, debe mbili za samadi ya ng'ombe, nikaizika poniteli yangu na kile kitunguu chote kikaingia ardhini, maana nilijisemea kitunguu si ndo mzizi, mzizi unakaa chini. Nilipopanda ni pale chini kabisa ya kiwanja ambapo ukoka unaota vizuri. Ukoka unaota vizuri pale kwasababu maji yote ya kiwanja yanaishia pale, lakini hilo sikuliwaza. Alafu ikaja masika. Mwezi wa tatu mwishoni majani ya chini yakaanza njano, nikasema ina njaa, nikaongeza samadi. Mwezi wa nne yakaanza kulala, nikasema ina kiu, nikaongeza maji (mvua inanyesha na mimi naongeza maji, jamani). Mwezi wa tano nikaishika nikitaka kuinyoosha, ikatoka mkononi kama unavyong'oa kofia kichwani kwa mtu, chini imebaki ujiuji wa kahawia unanuka kitunguu kilichooza kwenye gunia.

Bi mkubwa alikua amekuja kunitembelea toka Korogwe wiki ileile. Nilimuonyesha ile maiti kwa aibu kidogo maana hela yenyewe alikua ananiuliza kila siku umemaliza choo lini. Akaichukua, akachukua jani moja akalikunja, akalivuta, akapitisha kidole pembeni taratibu akaona linakwaruza kama msumeno mdogo, akalichana kwa urefu mpaka zikatoka nyuzi. Akaniangalia.

"Nani kakwambia huu mnazi?"

"Muuzaji."

"Huu ni mkonge mwanangu. Sio mkonge wetu, lakini ni ndugu zao. Sasa wewe mkonge unaupanda bondeni?"

Mama hajasoma botania, kasoma hadi darasa la nne la mkoloni, lakini ameishi kambini kwenye shamba la mkonge zaidi ya miaka 30, mzee wangu akikata na yeye akianika singa, zile nyuzi za mkonge, baada ya majani kupita kwenye korona, ile mashine ya kuyasaga. Na alikua sahihi kabisa. Nilikuja kusoma baadae kwamba poniteli, jina lake la kisayansi Beaucarnea recurvata, sio jamii ya minazi wala michikichi wala mitende, haihusiani nayo kabisa zaidi ya kufanana hairstaili. Iko familia moja na mkonge, na masale yale ya Wachagga ya kuombea msamaha nayo yamo humohumo. Na kwao ni Meksiko, upande wa mashariki, Veracruz na Tamaulipas na San Luis Potosí huko, inaota kwenye miamba na vilima vikavu ambapo mvua ikinyesha maji yanapita hayakai. Ule mguu mnene ni pipa lake la maji. Inajaza wakati wa mvua inakunywa polepole wakati wa ukame, kwahiyo wewe ukija na ndoo kila siku ni sawa na mtu ana simtanki limejaa mpaka juu na wewe unazidi kufungulia bomba.

Mkonge nao kwao Meksiko, hata jina sisal ni bandari ya kule Yucatán. Hii ya mkonge tulifundishwa shule, Mjerumani Hindorf aliagiza miche 1,000 toka Florida mwaka 1893 na iliyofika hai Tanga ilikua 62 tu, na hiyo 62 ndo ilozaa mashamba yote haya. Mama yeye hayo ya Mjerumani hayamuhusu, yeye alichojua ni kwamba kule shambani sehemu yenye bonde linalotuama maji mkonge unageuka njano, unaoza shina, manyapara walikua wanaiacha sehemu hiyo watu walime mpunga. Basi.

Ya pili nilinunua 2011, hukuhuku Tanga safari hii, kadogo, kitunguu chake kama ngumi. Tukaipanda na bi mkubwa mwenyewe akisimamia amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwarobaini. Hakutaka shimo. Alitaka kichuguu. Udongo wangu ni mwekundu wa kunata, ukilowa unabeba kiatu, kwahiyo nikaleta mchanga toroli nne, kokoto za mabaki ya ujenzi, na vipande vya mawe ya chokaa ambayo huku kwetu hayana shida, ukichimba kidogo tu unayakuta. Tukachanganya na udongo wa palepale, tukainua tuta kama nusu mita juu ya usawa wa kiwanja na upana kama wa meza ya kulia chakula. Samadi nikanyimwa, nikaruhusiwa mboji mikono miwili tu. Na kile kitunguu kikakaa JUU, chote, mizizi tu ndo imeingia chini, kitunguu kimekaa kama chungu juu ya mafiga. Mimi naona kitaanguka. Mama anasema kitashika chenyewe, kiwekee mawe matatu pembeni mpaka kishike. Nikashika ndoo. "Rudisha ndoo." Wiki nzima haijapata tone, alafu baada ya hapo mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu ya mwanzo, alafu nikaacha kabisa. Sasa hivi kiangazi kikizidi, mwezi wa pili jua linapowaka mpaka lami inalainika, naipa ndoo moja kila wiki tatu na wakati mwingine nasahau hata hiyo.

Kosa nililofanya pale halikua la maji. Ule mche ulikua umekulia kwenye kivuli cha neti kule kitaluni, mi nikautoa nikauweka jua la saa saba mchana siku hiyohiyo. Ndani ya siku nne majani yakababuka, yakawa meupe kama karatasi iliyoanikwa, mengine ncha zikakauka kahawia. Haukufa, lakini ilichukua kama miezi minane kuvaa majani mapya ya kuutoa aibu. Inapenda jua, inataka jua la kutwa nzima hasa, ila ikiwa imezoea kivuli uizoeshe, nusu siku nusu siku, au upande mwanzoni mwa vuli mawingu yakiwepo.

Na kosa lingine ambalo bado naliona kila nikifungua geti: niliipanda sentimita 60 toka ukuta wa fensi. Kwenye kiriba unaona ka kitu kadogo. Huku kwetu joto ardhini halikatiki mwaka mzima, hakuna baridi ya kuisimamisha, kwahiyo ikishashika inanenepa. Inanenepa kweli, sio mchezo. Watu wanasema ni mmea wa polepole, ni kweli kwa urefu, urefu utangoja mpaka umri ukuishie, lakini mguu unatanuka kila mwaka unauona. Binamu yangu yuko Canada anayo ya sebuleni, kwenye chungu kama bakuli la uji, miaka saba haijafika goti, tukitumiana picha anadhani namdanganya kwamba ni mti uleule. Wangu leo mguu wake mimi na binti yangu tukiushikana mikono vidole ndo vinagusana, na ule upande wa ukutani umeanza kuegemea bloku. Bado haujapasua, ila fundi aliniambia dada huu ukuta tutakuja kuuongelea. Kwahiyo mwenye kiwanja kidogo apime, mita mbili na nusu toka ukuta, toka karo, toka pevingi, sio mzaha, na asiupande katikati ya vyungu viwili vya mapambo akidhani utabaki pambo. Ule ni mti. Kwao unafika mita tisa na zaidi huko, bustanini tuseme tatu mpaka nne na nusu baada ya miaka mingi.

Majirani waliupa jina mwaka wa tatu tu. Mti wenye matende. Kwetu pwani huku ugonjwa wa matende tumekua nao, tumekunywa vidonge vya kugawiwa mashuleni na mitaani, kwahiyo mtu akiona mguu umevimba chini umenyooka juu haitaji kutafuta jina. "Mwalimu, mti wako unaumwa matende umeupeleka hospitali?" Watoto wao wanauita rasta. Walikua wanakuja jioni wanausuka, kweli kabisa, mabinti wawili wa jirani walikua wanajifunzia kusuka kwenye mti wangu, misuko sita saba inaning'inia, mpaka mmoja jani likamkata kidole pale katikati ya vidole, ndo mchezo ukaisha. Hayo majani pembeni yana meno madogo huyaoni ila ngozi inayaona. Usiupande njiani watu wanapopita na sura zao. Lakini sumu hauna, paka wangu anatafuna ncha kila siku tangu azaliwe na yuko mnene.

Na kuhusu ncha. Kijana wa kunifyekea majani siku moja aliuona umeachia nywele mpaka chini akaona mchafu, akachukua mkasi wa kukatia michongoma akaukata kote duara kama anavyomnyoa mtoto bakuli. Nilirudi kazini nikakaa chini. Jani la poniteli ukilikata halirudi, linakauka pale ulipokata linabaki na mstari wa kahawia, kwahiyo nilikaa na mti wenye denge miaka miwili mpaka yale majani yalipozeeka. Ukitaka kusafisha vuta yale makavu ya chini kabisa kwa mkono, yakiwa tayari yanatoka yenyewe, yasipotoka yaache. Wengine wanaacha sketi yote ya majani makavu izunguke shina wanaona inapendeza, mi sipendi, na majirani wangu wana maneno ya nyoka, kila kitu chenye kivuli ni nyoka, nikaona nisitafute kesi.

Sasa 2014 ndo mwaka wa beberu. Huku mtaani mbuzi wanafugwa kwa imani, wanafunguliwa asubuhi wanarudi jioni wakikumbuka. Geti liliachwa wazi nusu saa. Beberu la jirani likapanda kwenye tuta langu, tuta lenyewe limeinuliwa utadhani limemjengea jukwaa, likala kishungi chote mpaka kwenye ule moyo wa katikati. Likabaki gogo lenye urefu wa kiuno changu, juu pametafunwa kama mswaki wa mti. Nililia jamani, mtu mzima. Jirani akaja na heshima zake, "mwalimu nisamehe, nitakulipa," nikasema utanilipa nini, miaka mitatu unayo? Nikampigia mama nikitegemea pole. Mama akauliza, "Mguu mgumu au umelainika?" Mgumu. "Basi uache. Usimwagie maji ya huruma."

Maji ya huruma. Ndo neno alilotumia na ndo ninalolitumia mpaka leo nikimuona mtu anatesa mmea wake.

Nilikaa kama wiki kumi naangalia gogo. Siku moja naona kama chunusi kijani pembeni ya lile jeraha, alafu mbili, alafu tano. Zikatoka vichwa vitano vipya, kimoja kikafa chenyewe, vikabaki vinne, na leo ule mti una matawi manne kila tawi na kishungi chake, ndo unaosimamisha watu getini kuliko mwingine wowote. Kumbe kuna watu wanaukata kichwa makusudi ili uchanue matawi. Mi sijawahi kukata na siwezi kumshauri mtu akate, nafsi haiwezi, ila kama ajali imetokea na mguu ni mgumu usikate tamaa haraka. Vichwa vingine vitatu vilivyochipua baadae nilijaribu kuving'oa nivipande pengine, vyote vimekauka kwenye mchanga. Watu wa vitalu wanaotesha kwa mbegu na sasa naelewa kwanini.

Wadudu sijasumbuliwa sana. Kuna wale weupe kama pamba wanajificha pale jani linapoanzia, wakati wa joto, nachukua kitambaa na maji ya sabuni ya kipande nawafuta. Imeisha hiyo.

Mti wangu wa tatu ndo mkubwa kuliko yote na sikuununua. Mwanzoni mwa 2016 kulikua na nyumba ya zamani upande wa Raskazone inabomolewa ijengwe ya ghorofa, na kwenye ua wake kulikua na poniteli mzee, ananizidi urefu kwa mbali, mguu kama pipa la lita 200, hakuna anaejua nani aliupanda. Mafundi walikua washaanza kuuwekea moto wa taka pembeni. Nikamfuata msimamizi, nikamwamkia na nikamwomba, akacheka sana, akasema mama ukiweza kuutoa leo kabla ya magharibi ni wako, kesho greda linaingia.

Nilipata vijana wanne na kirikuu moja. Dereva alivyouona akasema hii safari tunaongeza hela. Nilichoshangaa ni mizizi. Mti mkubwa vile nilitegemea mizizi ya kwenda kuzimu, kumbe ni mizizi mifupi membamba mingi imetandaa juujuu, tulichimba duara kama mita moja toka mguuni, kina cha mkono mmoja tu, ukaanza kuyumba. Kazi ilikua uzito. Ule mguu ni maji matupu ndani. Tulifunga majani yote juu kwa kamba ya katani kama mtu anafunga nywele aende kuoga (kamba ya mkonge inamfunga ndugu yake, nilicheka peke yangu), tukauzungushia magodoro mawili ya zamani ili usichubuke, maana ukichubuka ndo mlango wa kuoza, tukauburuza kwenye mbao mpaka kwenye kirikuu, ile gari ikakaa chini nyuma mbele ikainuka. Tulipita mjini saa mbili usiku taratibu, watu wa bodaboda wanauliza mmebeba nini, kijana wangu anawajibu tembo.

Ulipofika nikatamani kuupanda usikuusiku na kuumwagia simtanki zima. Sikuthubutu. Mama alikua kashaniambia kwenye simu, mkonge ule wa kupandikiza ulikua unalazwa chini juani siku kadhaa kabla ya kupandwa, vidonda vinakauka, ukipanda mbichi unaoza. Nikaulaza chini ya mwarobaini siku tisa. Wageni walikua wanadhani nimeua kitu. Siku ya kumi tukausimamisha kwenye tuta kubwa zaidi, mita mbili upana, mchanga na mawe, mguu wote juu, nguzo tatu za kuushikilia, maji ndoo mbili tu za kukalisha udongo. Mwaka mzima haukufanya KITU. Majani ya chini yakakauka karibu nusu, mguu ukasinyaa kidogo mpaka ngozi ikakunjamana, hapo ndo unakunywa akiba yake unajenga mizizi, na hapo ndo pa kumshindwa mtu mwenye mkono mwepesi wa ndoo. Mwaka wa pili mwezi wa kumi na moja ukatoa majani mapya.

Ilipokuja vuli ya 2019, ile iliyokata barabara kule Handeni, kiwanja changu chini kilijaa maji siku nne, ukoka ukawa bwawa, vyura wanaimba mpaka asubuhi. Mipapai yangu mitatu ikafa yote. Lakini yale matuta mawili yalisimama juu ya maji kama visiwa, poniteli zimekaa kavu zinaangalia. Nilitoka na mwavuli kwenda kuziangalia saa kumi na mbili asubuhi kabla hata sijaangalia kuku.

2021 ule mzee ukachanua. Nilidhani jani limekaa vibaya, kumbe ni shina la maua linatoka katikati ya kishungi, likapanda mpaka kama mita moja, likajigawa vijitawi, maua madogo madogo meupe ya krimu maelfu, nyuki kutwa. Hii miti ina dume na jike, mti mmoja hautoi mbegu peke yake, na wangu sijawahi kuona mbegu hata moja. Mama alikuja kwa ajili ya hilo ua tu. Alishuka kwenye bajaji, sijamaliza hata kumwamkia, akalitazama lile shina akanyamaza, alafu akanishika mkono kama mtu anatoa taarifa ya msiba.

"Umeweka mlingoti. Pole mwanangu."

Maana mkonge ukiweka mlingoti ndo mwisho wake, unachanua mara moja maishani alafu unakufa, kila mtoto wa kambini anajua hilo, mzee wangu alikua akiona mlingoti anasema huyo amestaafu. Nikamwambia huu haufi mama, nimesoma. Akasema kusoma ni kusoma. Alikaa siku sita akiuangalia kila asubuhi na chai yake, akaondoka hajaridhika. Kila mwezi simu, "Vipi, umeanza kunyauka?" Hapana mama. Maua yakakauka, shina lake likakauka, tukalikata, mti ukaendelea na majani yake. Ukachanua tena 2023. Hiyo mara ya pili ndo alikubali, akasema basi huyu ndugu yao ana bahati, huyu amepata pensheni na kazi bado anafanya.

Alafu akautaka na yeye.

Kitu kimoja niseme hapa, nilipoenda kumtafutia mche nilikuta bei imepanda mno, nikamuuliza muuzaji zinatoka wapi akasema zimeoteshwa kwa mbegu, nikafurahi. Kule kwao Meksiko zimeng'olewa porini na mbegu zimevunwa kupita kiasi mpaka ziko hatarini kutoweka, na kwenye ule mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Johannesburg 2016 ziliingizwa kwenye orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kwahiyo mtu akikuletea lizee kubwa la bei ya ajabu uliza limetoka wapi. Lile langu la Raskazone najua lilipotoka, limetoka kwenye moto.

Nikampelekea mama wake Korogwe mwezi wa tisa 2023, mche wa saizi ya chungu cha maharage. Sikugusa jembe. Tuta alishalitengeneza, amewatuma wajukuu kuokota mawe, limeinuka kuliko langu, limekaa mbele ya nyumba mahali ambapo ukiwa kibarazani unauona na nyuma yake kwa mbali mistari ya mkonge. Ametoa amri mtu asiumwagie maji, hata mgeni, hata kwa kunawa mikono.

Miezi miwili baadae mvua za elnino zikaja, nikawa na wasiwasi, nikampigia.

"Shikamoo mama. Mti vipi huko?"

"Marahaba. Mti upo, umekaa juu kama bibi harusi, maji yanapita chini."

"Na yule mbuzi wako?"

"Nimemuuza."